Picha ya Wawili wa Ezibeleni

"Usiniangalie mimi. Angalia sufuria yako," Zoleka alisema, jicho lake moja likiwa kwenye kamera.

"Sufuria inajua kazi yake. Mimi ndiye sijui uso niuweke wapi."

"Uweke pale ulipokuwa kabla sijaja."

Khanyisa akacheka, akarudi kukoroga makande. Kamera ikalia, ikalia tena.

"Kwa hiyo hii nayo watu watavaa viatu, waende mjini kuiangalia ukutani? Mwanamke anakoroga makande?"

"Hiyo hasa."

"Si watadai warudishiwe nauli!"

Zoleka hakucheka. Akiwa kazini huwa hacheki, na watu wengi humwona mtu baridi. Alikuwa amezunguka karibu jimbo zima la Eastern Cape akiwapiga picha wanawake wanaopenda wanawake, majumbani mwao, wakipiga pasi, wakisukana, wakigombana ni zamu ya nani kununua gesi. Alianza kazi hiyo baada ya kumzika rafiki yake Nomonde, aliyeuawa na vijana wa mtaani kwao kwa kosa la kuwa alivyokuwa. Gazeti lilitoa picha ya blanketi lililomfunika. Zoleka aliitazama picha ile, akawaza kwamba hakuna atakayejua kuwa Nomonde alikuwa anapiga pasi mpaka soksi, huku akiimba kwa sauti mbovu kuliko zote Mdantsane.

Siku hiyo hakuwa na safari ya kuja Komani, mtaa huu wa Ezibeleni kwa kina Khanyisa. Alikuwa aende Qonce, lakini mwenyeji wake wa Qonce aliamka shavu limemvimba kwa jino. Khanyisa, ambaye mpaka hapo walikuwa wanaandikiana tu kwenye simu, akamwambia njoo basi leo, MaDlomo wangu anarudi safari leo leo, utatupata wote wawili.

"Na huyo MaDlomo anajua kama nipo?" Zoleka aliuliza, akibadilisha lenzi.

"Thubutu! Nikimwambia atalala huko huko barabarani. Kamera anaiogopa kuliko askari wa trafiki. Nyumba nzima hii hana picha hata moja, utadhani nakaa na jini. Lakini safari hii amenasa. Washenga wake wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mimi nimesema siolewi na mtu asiye na picha."

"Baba yako amekubali washenga?"

"Baba?" Khanyisa akaweka mwiko chini kabisa. "Dada yangu, mwaka mzima baba alikuwa akimwona MaDlomo, anageuka kurekebisha uzio. Uzio ule ulirekebishwa mpaka ukachoka. Ndipo pikapu yake ikagoma siku ya mazishi ya kanisa, yeye mzee wa kanisa, amevaa suti. MaDlomo akaingia chini ya gari na nguo zake nzuri, akatoka mweusi tii, gari linanguruma. Baba akamwangalia, akasema, 'Ahsante, Dlomo.' Akamwita kwa ukoo wake! Mimi nikakimbilia chooni kulia."

Honi ya lori ikalia nje, ndefu.

"Huyo!" Khanyisa akajifuta mikono kwa haraka. "Kaa hapo hapo na kamera yako. Umpige akiingia."

Buti zikapanda ngazi. Mlango ukafunguliwa.

"Mama weee, nina njaa ya kula hata—"

Sauti ikakatika. Zoleka akainua kichwa.

Alikuwa Babalwa. Babalwa wake yeye, waliyekuwa wanalala kitanda kimoja kwenye fleti yao East London, huu mwaka wa nne. Babalwa dereva wa malori, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemtumia meseji: *Nipo Bloemfontein mpenzi, napakia mzigo. Nimekumiss.* MaDlomo ni ukoo wake. Zoleka aliujua ukoo huo, ila hakuwahi kumwita nao, na koo hizo zina watu wengi, nani angewaza?

"Huyu ndiye Zoleka, mpiga picha," Khanyisa alisema, amemshika Babalwa mkono asikimbie. "Usikunje uso. Ni picha tu, haiumi."

Babalwa akavua kofia yake ya kazi kwa mkono uliobaki.

"Habari yako, dada," alisema.

"Nzuri," Zoleka akajibu. "Karibu. Hilo koti la kazi livue. Au hapana, baki nalo. Simama pale, karibu na mwenzako."

Sauti yake ilitoka shwari, hata yeye mwenyewe akaishangaa. Mikono ikavuta stendi, ikakaza kamera, ikapima mwanga wa dirishani.

"Sogea. Sogea tena. Mwekee mkono begani, kama unavyomwekea siku zote."

Babalwa akaweka mkono. Ulikaa mgumu kama mti. Khanyisa alidhani ni aibu, akaugonga kidogo kwa upendo.

"Tulia wewe, kwani unachomwa sindano?"

Zoleka akapiga. Akapiga tena. Kwenye kioo cha kamera waliingia vizuri: binti wa makande, uso umemgeukia mpenzi wake, na huyo mpenzi anatazama mbele kwa macho ya mtu aliyeshikwa. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Alilijua hilo papo hapo, na akajichukia kwa kulijua.

* * *

Babalwa alijitolea kubeba stendi mpaka kwenye gari.

"Zoleka."

"Iweke nyuma, taratibu. Mguu mmoja umelegea."

"Zoleka, nisikilize."

"Bloemfontein kumependeza siku hizi. Sikujua wana milima kama hii."

"Nilitaka kukwambia. Nilikuwa natafuta siku."

"Siku gani? Ya kabla ya washenga au ya baada?"

Babalwa akaangalia nyuma, mlangoni. Akashusha sauti.

"Utamwambia?"

Zoleka akafunga buti ya gari.

"Hilo ndilo swali lako la kwanza," alisema. Hakuwa anauliza.

"MaDlomo!" Khanyisa aliita kutoka ndani. "Muache mgeni aende, chakula kinapoa! Ahsante sana, dada Zoleka! Ile ya wawili nataka kubwa, ya ukutani!"

Zoleka akapunga mkono, akawasha gari. Alipofika Cathcart, njiani kurudi East London, akasimama kituo cha mafuta. Simu ilikuwa imejaa.

*Tafadhali usimwambie. Nakuja kukueleza.*

*Nakupenda. Hilo si uongo.*

*Zoleka jibu basi.*

Akanunua chai, akainywa yote akiwa amesimama. Kisha akaandika: *Uje kuchukua vitu vyako. Uje mchana.*

* * *

Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Nobuntu, rafiki yake na msimamizi wa maonyesho yaliyokuwa yafanyike ukumbi wa mjini. Zoleka akamweleza yote kwa sentensi chache, kama anayesoma taarifa ya habari.

"Mungu wangu. Umelia?"

"Nimebadilisha shuka."

"Zoleka!"

"Nimekwambia. Nimebadilisha shuka, nimefua za zamani."

Nobuntu akashusha pumzi. Akaanza kuongea kwa uangalifu, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Sasa nisikilize, usinikasirikie. Yule binti usimwambie kitu."

"Kwa nini?"

"Mzee wa kanisa, Ezibeleni, anapokea washenga wa mwanamke kwa ajili ya binti yake, mchana kweupe, majirani wanaona. Imewahi kutokea huko? Hiyo ndiyo picha ya kufungia maonyesho yetu. Ukiivunja, kesho kila jirani ana la kusema. Watasema, si mnaona? Hawana mapenzi hao, ni mchezo tu."

"Kwa hiyo aolewe na mwongo ili majirani wanyamaze."

"Wangapi wameolewa na waongo na hukusema kitu?"

"Hao sikuwapiga picha."

"Fikiria, Zoleka. Sikwambii uchekelee. Nakwambia fikiria."

Akafikiria. Ubaya ni kwamba maneno ya Nobuntu hayakuwa ya kijinga.

Babalwa alikuja kesho yake saa za mchana, kama alivyoambiwa. Alisimama katikati ya sebule akiangalia sanduku lake lililokwisha kufungwa.

"Umenifungia kabisa?"

"Zipu imekwama pale pembeni. Usiivute kwa nguvu."

"Piga kelele basi! Nitukane! Nitupie hata kikombe!"

"Vikombe ni vyangu."

Babalwa akakaa kwenye mkono wa kochi, akashika kichwa.

"Unaona? Hivi ndivyo. Miaka yote hii unaniangalia kama mtu anayesubiri wingu lipite apate mwanga. Nilipougua homa ya mapafu uliniletea dawa, ukasimama mlangoni, ukaniambia nimelala vizuri, nisigeuke. Unakumbuka? Nisigeuke! Nilikuwa natema damu, Zoleka."

Zoleka alikumbuka. Picha ile aliipiga kwa simu na hakumwonyesha mtu. Kwa watu wote alikuwa akisema Babalwa hapendi kamera, naye Babalwa alikuwa akisema mimi ni wako wewe tu, wengine ndio wa ukutani.

"Hilo ni kweli," alisema. "Ungeniambia nimekukosea, ukaondoka. Watu huachana."

"Nilishindwa."

"Hukushindwa. Ulipanga ratiba. Kwenda kwangu, kurudi kwake, na lori katikati."

Babalwa akavuta sanduku mpaka miguuni pake. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba yangu aliniambia nikifa nisizikwe kwao. Yule mzee ananiita Dlomo. Unajua ni nini kuitwa hivyo na mzee? Niache nipite hapo, Zoleka. Mahari ikishapita, nitamwambia Khanyisa mwenyewe."

"Ikishapita?"

"Akishakuwa wangu atanisamehe."

Zoleka akaenda kufungua mlango, akaushikilia wazi mpaka sanduku likapita.

* * *

Khanyisa alipiga simu siku zilizofuata, mwenye furaha, mwenye haraka.

"Nimezipata za makande! Baba amecheka mpaka akakohoa. Na ile ya wawili?"

"Bado naisafisha."

"Unaisafisha kwa sabuni gani hiyo isiyotakata? Basi njoo nayo Jumamosi. Nataka utupige siku ya washenga. Kondoo ameshapatikana, shangazi ameshaanza kugombana na kila mtu. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Dada, una sauti ya mafua."

"Ni barabara tu, inapiga kelele."

Alikuwa amekaa kitandani.

Jumamosi akaendesha gari mpaka Komani. Kila mara alipofika mahali pa kugeuzia gari alipunguza mwendo, kisha akaendelea. Ezibeleni nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa Gatyeni, ukoo wa kina Khanyisa. Mmoja anakanda mkate, mwingine anakatakata nyama, na shangazi mtu, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, anasimamia wote. Khanyisa alikuwa chumbani, amevaa gauni jipya la rangi ya machungwa lenye mistari myeusi.

"Funga mlango. Nionyeshe kabla hawajaja."

Zoleka akafungua kompyuta, akaiweka juu ya kitanda. Khanyisa akainama. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nimependeza," alisema.

"Umependeza."

"Huyu mwenzangu anaangalia wapi?"

"Kwenye kamera."

"Hapana. Na mimi nilikuwepo. Kamera ilikuwa kwenye stendi, chini, usawa wa kifua. Yeye anaangalia juu yake." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya macho ya Babalwa. "Anakuangalia wewe. Mtu hamwangalii mgeni hivi. Hivi aliniangalia mimi alipogonga geti la baba kwa lori, kabla hajapata uongo wa kusema."

Nje shangazi alikuwa anamfokea mtu kuhusu chumvi.

"Zoleka. Unamjua MaDlomo?"

"Namjua."

"Kiasi gani?"

Zoleka alikuwa ameshika kamba ya kamera yake. Akaiachia.

"Anakunywa chai kijiko kikiwa ndani ya kikombe, mpaka kimchome jicho. Tulikuwa tunaishi pamoja, mwaka wa nne huu. Nimemfungia vitu vyake siku iliyofuata ile ya picha. Sikujua habari zako mpaka alipoingia mlangoni."

Khanyisa akaifunga kompyuta polepole, kama anayefunika mtoto aliyelala.

"Na ukatuambia tusogee."

"Ndiyo."

"Ukapiga."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Nikiogopa sijui kufanya kitu kingine."

Khanyisa akakaa kitandani. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke yenyewe. Zoleka akasimama pale bila kujua aweke wapi mikono.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nilisema nisikuharibie. Na kuna mtu aliniambia ukiharibika wewe, tumeharibika sote. Kwamba watasema hao wanawake si unaona walivyo."

"Sote akina nani?" Khanyisa akainua uso. "Ningelala naye mimi, si sote! Si wewe ulisema unataka maisha yetu ya kila siku? Basi ndiyo haya. Watu wanasalitiwa mtaa huu kila mwezi, na hakuna anayesema wanaume na wanawake sasa waache kuoana."

Akasimama, akajifuta uso kwa kiganja, akafungua mlango.

"Baba! Njoo."

Mzee Gatyeni aliingia na kofia mkononi, amevaa suti yake ya kanisa. Khanyisa akamwambia. Hakuzunguka, hakumtetea mtu, hakupunguza. Mzee alisikiliza akiangalia sakafu. Mwisho akasema:

"Ingekuwa mwanamume, ningejua cha kufanya."

"Ungefanya nini, baba?"

"Ningemweka mbele ya wazee wake, nikamuuliza. Halafu ningemtoa kwangu."

"Basi fanya hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, baba. Usimpunguzie."

Mzee akavaa kofia yake.

* * *

Washenga walisimama getini wakaita ukoo kwa majina yake yote, kama inavyotakiwa. Walikuwa wawili, mjomba wa Babalwa na jirani mmoja mzee wa Mdantsane aliyevaa tai fupi. Wakaachwa wasimame kidogo, kama inavyotakiwa pia, kisha wakaingizwa sebuleni. Mjomba akatoa chupa ya brandi ya kufungulia mazungumzo, akaiweka mezani.

"Tumekuja, Gatyeni. Tumeona ua zuri katika nyumba hii."

"Mmeona vizuri," mzee akasema. Akageukia korido. "Binti wa picha, hebu leta kiti ukae nasi."

Zoleka akaingia na kiti. Uso wa mjomba ukachanua.

"Aaah, Zoleka! Mwanangu! Na wewe upo? Mbona Babalwa hakuniambia?"

"Mnafahamiana?" mzee aliuliza.

"Tunafahamiana tena vipi! Huyu si ndiye anayekaa na mwanetu pale East London. Pasaka hii tumekula kwao, kuku wake ni wa..."

Mjomba akasikia maneno yake mwenyewe. Kuku akabaki pale pale.

"Anakaa naye kama nani?" mzee akauliza kwa upole.

"Kama... rafiki."

"Rafiki kama huyu binti yangu, au rafiki kama wewe na huyo mzee mwenzako?"

Mjomba akavua kofia, akaikunja magotini.

"Gatyeni, nisamehe. Mimi nimetumwa tu. Babalwa aliniambia na huyu waliachana, sasa wanakaa kama marafiki tu."

"Yuko wapi?"

"Kwenye lori, pale kona."

"Mwiteni."

Babalwa aliingia na suti mpya ya kijivu, nywele zimenyolewa vizuri pembeni. Alipomwona Zoleka kwenye kiti alisimama. Hakuna aliyemwambia akae.

"Binti," mzee alisema. Hakutaja ukoo. "Huyu na mwanangu, ulikuwa unakaa nao wote?"

"Mzee, mimi Khanyisa nampenda."

"Hilo sikukuuliza."

Babalwa akaangalia chupa pale mezani.

"Nilikuwa nakaa nao wote."

"Mwanangu alijua?"

"Hapana."

"Huyu je?"

"Hapana."

"Basi chukueni chupa yenu. Sikuwafukuza kwa kuwa mtoto wenu ni mwanamke. Majirani wakiwauliza, muwaambie hivyo, msije mkanisingizia. Nimewafukuza kwa kuwa ni mwongo."

Babalwa akamgeukia Khanyisa, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa korido na gauni lake.

"Khanyisa. Sema hata neno moja."

"Kofia yako ya kazi iko nyuma ya mlango wa jikoni," Khanyisa alisema. "Ichukue, sitaki uje tena kuifuata."

Wakatoka. Kwenye uzio jirani yao, Mama Nomathemba, alikuwa ameshajiegemeza tangu washenga wanaita.

"Mzee Gatyeni! Mbona wameondoka na chupa? Si tulikwambia mambo ya wanawake kwa wanawake hayafiki popote?"

Mzee akamtazama.

"Mama Nomathemba, mumeo aliyehamia kwa mpangaji wenu, kwani naye alikuwa mwanamke?"

Wanawake jikoni waliangua kicheko ambacho hakikuwa cha siku kama ile. Khanyisa naye akacheka, kicheko kikageuka, shangazi akamkumbatia kabla hakijamaliza kugeuka.

Zoleka alikuwa anakusanya vifaa vyake. Stendi, begi, koti. Alitaka kuondoka kimya kimya, lakini mzee alikuwa amerudi na amesimama njiani.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"East London, mzee. Mimi si wa hapa. Nimeharibu siku yenu."

"Wewe ulikuwa na yule mtu miaka mingapi?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na wazazi wako wanajua kilichokupata?"

"Walishafariki, mzee."

Mzee akaangalia begi la kamera, akaangalia uso wake, akaangalia tena begi.

"Basi na wewe umeumizwa na mhuni huyo huyo," alisema. "Haya, nyama ya washenga iko palepale na walaji hakuna. Kaa ule."

Shangazi akasogea kwenye benchi bila kuulizwa, akampakulia sahani: nyama ya kondoo, mkate wa mvuke, kabichi. Zoleka akala kipande cha kwanza. Akala cha pili. Kwenye cha tatu mkono ukasimama njiani, na kile kilio ambacho hakikutoka siku ile ya picha, wala Cathcart, wala wakati anafua shuka, kikatoka chote mbele ya watu asiowajua, kwa sauti, kamasi na vyote. Binti mmoja akakimbilia maji.

"Muacheni," shangazi alisema, akichukua sahani na kuifunika kwa nyingine isipoe. "Akimaliza atakula."

* * *

Hawakumruhusu aendeshe gari na macho yale. Alilala Ezibeleni Jumamosi na Jumapili, kanisani akaenda, akakaa benchi moja na ukoo wa Gatyeni huku watu wakigeuka kutazama. Babalwa alituma meseji ndefu kwa wote wawili, maneno yale yale, jina tu ndilo lililobadilika. Waliziweka simu pamoja mezani, wakalinganisha, kisha kila mmoja akamzuia kwenye simu yake.

Picha ya wawili Khanyisa alisema ifutwe, na Zoleka akaifuta akiwa amekaa pembeni yake, ile bora kuliko zote. Nobuntu alipopata habari alilalamika kuwa sasa maonyesho hayana mwisho.

Yalipofunguliwa, ukuta wa mwisho ulikuwa na picha aliyoichagua Khanyisa mwenyewe. Yuko uani kwao, amevaa lile gauni la rangi ya machungwa kwa sababu alisema lilishonwa livaliwe, anaanika vitambaa vya meza vya sherehe. Mdomoni ana pini mbili za nguo. Nyuma yake mzee ameinamia uzio na nyundo, na Mama Nomathemba anaonekana nusu.

Maelezo ya chini ya picha pia aliyaandika yeye, akamkataza Nobuntu asiyarekebishe: *Khanyisa, Ezibeleni, Jumatatu baada ya kutoolewa.*